Mahali Ulipo ni Mali Yako: Ushauri kwa Wenye Simu wa Busia, Malaba na Tororo

Mfanyabiashara wa Busia huvuka mpaka bila kuhesabu. Asubuhi yuko soko la Sofia upande wa Uganda akichagua trei za mayai, kabla ya adhuhuri ameshauza upande wa Kenya, jioni anabadilisha fedha na kurudi nyumbani. Simu janja iliyo mfukoni mwake imeiona safari yote. Inajua saa aliyopita forodhani, duka alilokaa nusu saa, mahali alipopokelea fedha na nyumba anamolala. Hilo peke yake si baya, kwa kuwa simu ni yake. Ubaya unaanza pale programu aliyoiweka ili aangalie hali ya hewa au asikilize muziki inapoichukua safari hiyo na kuipeleka kwa kampuni asiyoijua, katika nchi ambayo hajawahi kufika. Pengine hakuulizwa kabisa. Pengine aliulizwa kwa kurasa nyingi za Kiingereza cha mawakili, akabonyeza "kubali" kwa sababu mteja alikuwa anangoja.

Nawaandikia wachuuzi, madereva, wanabodaboda, walimu na wanafunzi wa Busia zote mbili, wa Malaba na wa Tororo. Ushauri wangu unasimama juu ya kanuni moja: toa mahali ulipo kwa kazi unayoijua, kwa muda wa kazi hiyo, kisha funga. Hapa chini nitaeleza sababu za kanuni hiyo na namna ya kuitimiza kwa simu uliyo nayo, hata kama ni ya bei ndogo.

Kwa nini jambo hili ni zito zaidi mpakani

Wapo wanaosema, "Mimi sina cha kuficha." Nawaheshimu, lakini nawaomba watazame upya. Mama anayeuza omena, ambayo ng'ambo huitwa mukene, amelipa ushuru wake na karatasi zake ziko sawa. Hata hivyo ana siku yake ya kubeba fedha taslimu. Ana muuzaji wake wa bei nafuu ambaye mshindani angependa sana kumjua. Ana nyumba inayobaki na watoto peke yao siku za soko. Ukizikusanya nukta za mahali alipokuwa kwa wiki chache, mambo hayo yote yanasomeka bila kumuuliza neno.

Kampuni zinazokusanya taarifa hizi hujitetea kwamba hazihifadhi majina. Utetezi huo hauna nguvu. Mwaka 2013 watafiti walichapisha uchunguzi wa mienendo ya simu za watu milioni 1.5 katika nchi moja ya Ulaya, wakakuta kwamba nukta 4 tu za mahali na saa zilitosha kumtenga mtu mmoja na wengine wote katika asilimia 95 ya visa. Fikiria simu inayolala kila usiku katika nyumba moja karibu na Osukuru na kushinda kila mchana katika kibanda kimoja pale Malaba. Ni watu wangapi wana jozi hiyo? Jina halihitajiki tena. Jirani yeyote akiambiwa nukta hizo mbili atalitaja mwenyewe.

Mpaka una tatizo jingine ambalo mtu wa Nairobi au Kampala halioni. Simu ya mtu aliyeketi sebuleni kwake Busia ya Kenya inaweza kushika mnara wa Uganda, akapokea ujumbe wa kumkaribisha nchi ambayo hajaiingia leo. Programu inayokadiria mahali kwa kutumia minara inaweza kuandika kwamba amevuka. Kwa hiyo taarifa iliyochukuliwa kwa siri inaweza pia kuwa ya uongo. Anayeamua kukupa mkopo au kukunyima, kukuamini au kukushuku, anaweza kuwa anasoma safari ambayo hukuifanya, na wewe hutapata nafasi ya kusahihisha kwa sababu hujui kwamba imeandikwa.

Taarifa zinatokaje mfukoni mwako

Wengi hudhani kwamba ukizima GPS umemaliza. GPS ni njia moja tu. Simu hujua ilipo pia kwa kusoma majina ya mitandao ya Wi-Fi iliyo karibu, kwa kunusa vifaa vya Bluetooth, kwa minara ya simu, na kwa anwani ya intaneti ambayo mtandao umeipa. Picha uliyopiga inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Njia zote hizi zinahitaji kuangaliwa, na nitazirudia katika hatua za ukaguzi.

Jambo la pili la kuelewa ni kwamba aliyetengeneza programu mara nyingi si ndiye anayechukua taarifa. Mtengenezaji huchomeka ndani ya kazi yake vipande vya programu vya kampuni nyingine: kimoja cha matangazo, kingine cha kuhesabu watumiaji, kingine cha kutuma ujumbe. Ukiipa programu ruhusa ya kujua ulipo, vipande hivyo navyo huingia kwa mlango huohuo. Kila mara nafasi ya tangazo inapofunguka kwenye kioo, taarifa kuhusu simu yako hutangazwa kwa kampuni nyingi zinazoshindana kuinunua nafasi hiyo, na mahali ulipo huwa miongoni mwa taarifa hizo. Zinazoshindwa mnada huo nazo zimeshasoma. Nyuma yao wapo madalali wa taarifa, ambao biashara yao ni kukusanya nukta hizo, kuziunganisha na kuziuza.

Mwenye simu ndogo ya vibonyezo, ile mulika mwizi, amepona sehemu kubwa ya haya. Kampuni ya simu bado inajua mnara anaoshika, lakini hakuna kundi la programu ngeni linalomfuata. Kwa mzee anayehitaji kupiga simu na kutuma pesa tu, simu ya namna hiyo bado ni chaguo la busara.

Yaliyokwisha kuthibitishwa

Nisingependa uogope kwa uvumi, kwa hiyo nitataja mambo yaliyochunguzwa.

Mwaka 2013 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliibana kampuni iliyotengeneza programu ya tochi iitwayo Brightest Flashlight, iliyokuwa imepakuliwa mara makumi ya mamilioni. Tochi ile ilikuwa ikituma mahali hasa simu ilipo, pamoja na namba ya utambulisho wa simu, kwa kampuni za matangazo. Ilianza kutuma hata kabla mtumiaji hajabonyeza kukubali au kukataa.

Novemba 2020 waandishi wa jarida la mtandaoni la Motherboard walifichua kwamba Muslim Pro, programu ya nyakati za sala na kibla inayotumiwa na Waislamu duniani kote, ilikuwa ikipeleka mahali watumiaji walipo kwa dalali aitwaye X-Mode, ambaye miongoni mwa wateja wake walikuwamo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Muslim Pro ilitangaza kuvunja uhusiano huo. Januari 2024 FTC ilimpiga marufuku dalali huyo, aliyekuwa amebadili jina na kuitwa Outlogic, kuuza taarifa za mahali nyeti kama nyumba za ibada na hospitali. Mtu aliyefungua simu ili ajue saa ya magharibi alikuwa ameuzwa akiwa msikitini.

Novemba 2022 Google ilikubali kulipa majimbo 40 ya Marekani dola milioni 391.5. Lalamiko lilikuwa kwamba watu walizima historia ya mahali wakaamini yamekwisha, kumbe swichi nyingine katika akaunti hiyohiyo iliendelea kuandika walipo. Kisa hiki kiweke moyoni, kwa sababu karibu kila simu ya Android iliyo mikononi mwetu ina swichi hizo mbili.

Karibu na sisi, uchunguzi wa mamlaka ya teknolojia ya habari ya Uganda, NITA-U, uliotolewa mwanzoni mwa 2021, ulikuta kwamba SafeBoda, programu ya kuitia bodaboda, iliipa CleverTap, kampuni ya Marekani, majina ya wateja, namba zao za simu, barua pepe na aina ya simu wanazotumia, bila wateja kuelezwa ipasavyo. Orodha hiyo haikuwa ya mahali, lakini njia ni ileile niliyoieleza: kipande cha kampuni nyingine ndani ya programu unayoiamini. Nchini Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride shilingi 2,975,000. Programu zake za mikopo, KeCredit na Faircash, zilikuwa zimetumia namba za watu wasiohusika na deni kuwasumbua na kuwatishia.

Kagua simu yako leo

Kazi hii haihitaji fundi. Chukua simu yako na uifanye ukiwa unasoma. Kama Kiingereza cha kwenye mipangilio kinakusumbua, simu nyingi za Android zinaweza kugeuzwa kuwa za Kiswahili, na hapo utasoma mwenyewe unachokubali.

Kwanza, fungua mipangilio, ingia sehemu ya mahali, kisha sehemu ya ruhusa za programu. Utakuta programu zimepangwa kwa makundi: zinazoruhusiwa kila wakati, zinazoruhusiwa zinapotumika tu, na zilizokatazwa. Anza na kundi la kila wakati. Programu iliyo humo inaweza kukufuata hata kioo cha simu kikiwa kimezimwa. Isipokuwa ile ya kutafuta simu iliyopotea, sioni sababu ya nyingine kukaa humo. Zihamishe moja baada ya nyingine.

Pili, kwa kila programu iliyobaki jiulize swali hili: kazi niliyoiwekea inahitaji kujua nilipo? Ramani inahitaji. Ya kuitia bodaboda inahitaji kwa dakika za safari. Tochi, kikokotoo, redio, mchezo wa watoto, kibodi na programu ya kusafisha simu hazihitaji. Anayekukodisha baiskeli hahitaji ufunguo wa nyumba yako, na akiuomba, mrudishie baiskeli yake. Programu isiyokubali kufanya kazi bila ruhusa isiyoihusu ifute.

Tatu, pale unapolazimika kukubali, punguza. Simu za Android kuanzia toleo la 10 hukuruhusu kuchagua "wakati wa kutumia tu", na kuanzia toleo la 11 kuna "mara hii tu". Kuanzia toleo la 12, na kwa iPhone kuanzia iOS 14, unaweza kutoa mahali pa kukadiria badala ya mahali hasa. Kwa Android, makadirio hayo ni eneo la kama kilomita 3 za mraba. Programu ya hali ya hewa inatosheka kabisa kujua kwamba uko Tororo. Haina haja ya kujua uko nyumba ya ngapi. Kama simu yako ni ya zamani na ina "ruhusu" na "kataa" tu, kataa, kisha ruhusu kwa mkono siku utakapohitaji.

Nne, rudi kwenye sehemu ya mahali na uzime utafutaji wa Wi-Fi na wa Bluetooth. Swichi hizi mbili huiwezesha simu kunusa mitandao na vifaa vya jirani hata pale ulipoamini umezima Wi-Fi na Bluetooth.

Tano, ingia sehemu ya Google katika mipangilio, kisha matangazo, ufute kitambulisho cha matangazo. Hiyo ndiyo namba ambayo madalali huitumia kuunganisha safari yako ya jana na ya leo. Kwa iPhone, kataza programu kuomba kukufuatilia.

Sita, katika akaunti yako ya Google, kwenye sehemu ya data na faragha, zima rekodi ya maeneo uliyotembelea na pia rekodi ya shughuli za wavuti na programu. Zima zote mbili. Kisa cha majimbo 40 kimekwisha kutufundisha kwamba kuzima moja hakutoshi. Yaliyokwisha kuandikwa unaweza kuyafuta hapohapo.

Saba, fungua kamera, ingia mipangilio yake, uzime kuhifadhi mahali. Hili lina maana kwa wanaopiga picha za bidhaa nyumbani au stoo na kuzituma kwa wanunuzi wasiowajua. WhatsApp huondoa taarifa hizo ukituma kama picha ya kawaida, lakini ukiituma kama faili ili isipoteze ubora, mahali panaweza kwenda nayo.

Simu yenye Android 12 na kuendelea ina dashibodi ya faragha, inayoonyesha ni programu zipi zilisoma mahali ulipo katika saa 24 zilizopita. Itazame jioni moja baada ya siku ya soko. Ukikuta jina lisilo na kazi humo, umeshampata wa kumfukuza. Usitegemee dalili kama betri kuisha haraka au bando kwenda mbio. Hizo zina sababu nyingi, na programu nyingi zinazokusanya hazitumii umeme wa kukushtua.

Mikopo, VPN na programu za kuchomekewa dukani

Aina tatu za programu zinahitaji neno la ziada kwa sababu ya mazingira yetu.

Ya kwanza ni ya mikopo. Tangu 31 Mei 2023 kanuni za Google zinazikataza programu za mikopo binafsi zilizomo kwenye Play Store kusoma orodha ya namba zako, picha zako na mahali hasa ulipo. Kwa hiyo ukiombwa vitu hivyo na mkopeshaji, ama amevunja kanuni ama amekuletea programu kwa mlango wa nyuma. Upande wa Kenya, hakikisha mkopeshaji yumo katika orodha ya Benki Kuu ya watoa mikopo ya kidijitali wenye leseni, orodha iliyotokana na kanuni za 2022. Upande wa Uganda, wakopeshaji husimamiwa na mamlaka iitwayo UMRA. Dakika chache za kuuliza kabla ya kukopa zinaweza kukuokoa na miezi ya vitisho.

Ya pili ni VPN za bure, yaani programu zinazopitisha intaneti yako kupitia kampuni nyingine. Uganda ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii Julai 2018, na tena Facebook ilipofungwa Januari 2021, watu wengi waliweka VPN yoyote waliyoipata ili kukwepa tozo na kufungiwa huko. Fahamu mambo mawili. VPN huficha anwani yako ya intaneti, haifichi GPS. Programu uliyoipa ruhusa ya mahali itaendelea kukuona. Pili, mwenye VPN anaona mengi kuliko unavyodhani. Julai 2023 mahakama ya Australia iliamuru kampuni mbili tanzu za Facebook zilipe jumla ya dola milioni 20 za nchi hiyo, kwa sababu VPN yao iitwayo Onavo Protect, iliyonadiwa kama ya kulinda faragha, ilikuwa ikikusanya habari za programu nyingine walizotumia wateja. VPN isiyoomba hela huenda inalipwa kwa taarifa zako. Kama huna budi kuitumia, chagua ya kampuni inayojulikana, usiipe ruhusa ya mahali, na izime ukimaliza.

Ya tatu ni programu za kuchomekewa. Katika vibanda vya simu pande zote za mpaka, kijana anaweza kukujazia nyimbo, filamu na programu kwa malipo kidogo, au rafiki akakurushia faili ya programu kutoka simu yake. Programu hizo huenda hazikupitia ukaguzi wa duka lolote, na WhatsApp zilizobadilishwa kama GBWhatsApp haziungwi mkono na WhatsApp wenyewe. Nyimbo hazina neno. Programu ziweke mwenyewe kutoka duka rasmi, hata kama zitakula bando.

Madereva wa malori na wanabodaboda

Dereva anayengoja zamu Malaba anafuatwa tayari kwa njia halali. Tangu 2017 mamlaka za kodi za Kenya, Uganda na Rwanda zina mfumo wa pamoja wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo inayopita, kwa kufuli lililofungwa kwenye kontena. Mwaka 2020, wakati wa korona, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilileta programu ya simu ya kubeba vyeti vya vipimo vya madereva na kufuatilia walipopita, ili waliokutana na mgonjwa wapatikane. Mifumo hiyo ilitangazwa, ilikuwa na sababu iliyotajwa, na ilikuwa na ofisi ya kuulizwa. Kwa hiyo nitaitumia kama kipimo: ufuatiliaji wa haki hutangazwa, una sababu na una mwisho. Programu iliyowekwa kwa ajili ya dharura iliyokwisha haina sababu ya kubaki kwenye simu yako.

Mwajiri akikutaka uweke programu ya kazi kwenye simu yako mwenyewe, muulize kwa maandishi inasoma nini, nani anaona, na inanyamaza saa ngapi. Lori likifuatiliwa, linafuatiliwa lori. Saa zako za kupumzika ni zako. Njia safi ni simu ya kazi ibaki kwenye gari. Ikishindikana, iache programu kwenye "wakati wa kutumia tu" na uifunge zamu ikiisha.

Mwanabodaboda anayechukua abiria kwa programu hawezi kufanya kazi bila kuonekana, na hilo ni sawa. Toka hewani ukimaliza, uifunge kabisa. Na mteja akikuomba umwonyeshe mzigo wake umefika wapi, mtumie mahali mubashara kwa WhatsApp: unachagua dakika 15, saa 1 au saa 8, kisha inakatika yenyewe. Hiyo ndiyo kanuni yetu ikifanya kazi.

Anayekufuatilia akiwa mtu wa karibu

Si kila mfuatiliaji ni kampuni ya mbali. Mume, mpenzi au ndugu aliyewahi kuishika simu yako kwa dakika chache anaweza kuwa amewasha kushiriki mahali kwenye Google Maps, au ameweka programu ya kupeleleza iliyojificha kwa jina la kawaida. Wanawake wanaovuka mpaka kila siku kwa biashara hukutana na shaka za nyumbani, na shaka hizo hupata silaha kwenye simu. Fungua Google Maps uone ni nani unashiriki naye mahali. Badilisha namba ya kufungulia simu. Tazama orodha nzima ya programu na zile zenye mamlaka ya msimamizi wa kifaa.

Dada yangu, kama unaishi na mtu anayekupiga au kukutishia, usiifute programu hiyo ghafla. Akigundua kimya cha simu anaweza kukudhuru. Zungumza kwanza na mtu unayemwamini kwa simu nyingine, jipange kwa usalama, kisha ufute.

Kwa watoto, wazazi wengi wanataka kujua walipo, na nia hiyo ni njema. Mwambie mtoto wazi kwamba unamwona na kwa nini. Mtoto aliyefundishwa kwamba kufuatiliwa kwa siri ni kawaida atakubali kufuatiliwa na yeyote.

Sheria ya pande zote mbili

Watu wa mpakani wana bahati moja: sheria mbili zinawalinda. Katiba ya Kenya, kifungu cha 31, na ya Uganda, kifungu cha 27, zote zinatambua haki ya faragha. Mwaka 2019 kila nchi ilipata sheria yake ya ulinzi wa data. Zote zinadai ridhaa iliyotolewa kwa hiari na kwa jambo mahususi, na mtoaji akiwa ameelezwa. Ridhaa ya kulazimishwa kwa "kubali yote au ondoka" ina dosari mbele ya vigezo hivyo.

Sheria ya Kenya inasema mzigo wa kuthibitisha kwamba uliridhia uko kwa kampuni, si kwako. Unaweza pia kuiondoa ridhaa wakati wowote. Inamhusu hata mkusanyaji aliye nje ya nchi, mradi anachakata taarifa za watu walioko Kenya. Ya Uganda inamfikia aliye nje akikusanya taarifa za raia wa Uganda. Matokeo yake kwetu ni haya: Mganda aliyechukuliwa taarifa akiwa sokoni Busia ya Kenya anaweza kuegemea sheria ya mahali alipokuwa, na pia sheria ya uraia wake. Asikubali kuambiwa, "Hiyo ni ya ng'ambo."

Adhabu zipo. Kenya, Kamishna anaweza kutoza hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo. Uganda, mtu anayepata au kufichua taarifa kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 4.8 au kufungwa hadi miaka 10, na kampuni inaweza kuamriwa kulipa hadi asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka. Kampuni kubwa nazo zinaguswa. Julai 2025 Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi ya Uganda, baada ya malalamiko ya Waganda 4, iliamua kwamba Google ilikiuka sheria kwa kutojisajili, ikaiamuru ijisajili. Wananchi 4 walitosha kuanzisha jambo hilo.

Namna ya kulalamika ukasikika

Usifute programu kabla ya kuchukua ushahidi. Piga picha ya kioo inayoonyesha jina la programu, kampuni iliyoitengeneza, ruhusa ilizojipa na dashibodi inayoonyesha saa iliyosoma mahali ulipo. Andika tarehe, na ulikuwa upande gani wa mpaka, kwa sababu hilo litaamua sheria ipi inaanza.

Kisha iandikie kampuni kwa anwani iliyo kwenye ukurasa wake wa Play Store. Iulize mambo matatu: mna taarifa zangu zipi, mmempa nani, na mlipata ridhaa yangu lini na vipi. Waombe pia wafute. Hifadhi barua hiyo hata kama hawatajibu, maana kimya chao nacho ni ushahidi.

Wakikataa au wakinyamaza, peleka lalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya, au kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi nchini Uganda, iliyo chini ya NITA-U. Ofisi zote mbili hupokea malalamiko kwa tovuti zao. Kenya inaruhusu lalamiko la mdomo, kwa hiyo asiyejua kuandika hazuiwi, na sheria inataka lichunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Kama mliokumbwa ni wengi, pelekeni pamoja. Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani, vya madereva na vya bodaboda vimezoea kudai haki kuhusu ushuru na maegesho; jambo hili nalo liwe katika ajenda zao.

Kama huwezi kufanya yote leo, fanya matatu: ondoa kila programu kwenye kundi la "kila wakati" isipokuwa ile ya kutafuta simu iliyopotea, futa kitambulisho cha matangazo, na zima zile swichi mbili za Google. Kisha mfanyie hivyohivyo mama yako, mzee wa jirani asiyesoma Kiingereza, na mfanyakazi wa dukani kwako. Rudia ukaguzi kila mwezi, kwa sababu programu hubadilika na masasisho huja na maombi mapya. Biashara ya madalali wa taarifa inategemea watu wengi kukubali bila kuuliza. Kila mtu wa Busia, Malaba na Tororo anayejifunza kuuliza na kukataa anawapunguzia bidhaa, na anawalinda pia wote anaokutana nao njiani.